Walipopeleka hema Ruhuhu, mama akasema hapana

“Shemeji, hizi nyasi unadhani nani amezifyeka?”

Aliyeuliza ni mjomba wa watoto. Alisimama mikono nyuma, akiliangalia hema lililokuwa limetandazwa chini. Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi Juni, hatua chache tu kutoka ukingo wa Mto Ruhuhu, upande wa Lituhi. Baba alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja umeshika kigingi, mwingine umeshika jiwe la kukigongea. Mahali hapo alipatafuta kwa nusu saa nzima. Palikuwa tambarare, pana mti wa kivuli, na nyasi zake zilikuwa fupi sawasawa kama uwanja wa mpira siku ya fainali.

“Si ng’ombe wa kijiji?” baba akajibu.

“Viboko,” mjomba akasema. “Usiku wanapanda hapa kula. Ule mfereji unaouona pale ndiyo barabara yao. Na hema lako umelilaza katikati ya barabara.”

Watoto watatu wakacheka. Baba hakucheka. Mama alikuwa amesimama mbali kidogo, mgongo kwa mto, begi la nguo bado begani. Tangu washuke kwenye gari alikuwa amesema maneno mawili tu kuhusu pale: “Hapa hapana.” Baba alipomuuliza kwa nini, hakujibu. Alipomuuliza mara ya pili, alisema, “Nimesema hapana, Baba Watoto.” Ndiyo maana baba akaendelea kutandaza hema. Aliona anazuiwa bila sababu, mbele ya wanawe, baada ya safari ya siku nzima.

Familia hii inatoka Kitura, kwenye milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga. Wanalima kahawa na mahindi, na kama wenzao wengi wa huko bado wana shamba la ngoro, zile mraba za mashimo kwenye mteremko zinazozuia mvua isibebe udongo. Juni kule ni baridi ya kuvaa masweta mawili. Pia ndiyo miezi ya kuchuma kahawa, kwa hiyo mtu anayefunga mizigo na kusema anakwenda ziwani kupumzika na watoto hawezi kukosa maneno nyuma yake. Baba alimwachia mdogo wake shamba kwa siku nne, akaahidi kumlipia vibarua wawili. Kuhusu hema, alilipata sokoni kwenye mitumba, limefungwa ndani ya mfuko wake, vigingi vimepungua viwili. Alikuwa skauti enzi za shule, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia wanawe habari za kulala nje, kupika kwa mafiga na kuimba kuzunguka moto. Mtoto wa kwanza, msichana wa darasa la saba, alishamwambia waziwazi kwamba hadithi hizo zimetosha, sasa wanataka kuona.

Kwenda Lituhi lilikuwa wazo la baba pia. Ni nyumbani kwa mama. Bibi yupo, mjomba yupo, chakula hakina shida. Mama aliposikia, alikubali kwenda kumsalimia mama yake, lakini habari ya mto hakuizungumzia, na baba hakuona kama ni jambo la kuulizia.

Waliondoka alfajiri. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita 66 za kuteremka milima kwa kona. Ziwa Nyasa liko takriban mita 470 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unatoka kwenye ukungu wa mlimani ukiwa umejikunja, na kabla hujafika chini watoto wameshaanza kuvua masweta mmoja mmoja. Kutoka Mbamba Bay barabara inafuata mwambao kwenda kaskazini, na hapo safari ikawa ndefu. Walipofika Liuli, baba aliomba gari lisimame ili awaonyeshe watoto mwamba mkubwa wa Pomonda majini. Akawaeleza kwamba Wajerumani waliuona unafanana na sanamu ya Misri, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Na kwamba hapohapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mtoto wa mwisho akauliza kama kuna duka la soda.

Lituhi iko kaskazini kabisa mwa mwambao wa Ruvuma. Ukivuka Ruhuhu uko Ludewa, mkoa wa Njombe. Siku hizi kuna daraja. Zamani watu walivuka kwa kivuko na kwa mitumbwi, na kila aliyezaliwa pale ana jina la mtu anayemkumbuka aliyeingia mtoni asitoke.

Hema likakunjwa. Baba alilibeba mwenyewe hadi nyumbani kwa bibi, mwendo wa dakika ishirini kutoka mtoni, karibu na ziwa. Hakuzungumza na mkewe njia nzima. Mjomba alimpeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, na hilo ni jambo ambalo wengi wanaotoka mjini na mahema yao hulisahau. Kijiji cha mpakani kinahitaji kujua nani amelala wapi. Mwenyekiti alisikiliza, akaandika majina, kisha akauliza kwa upole:

“Kwa mama mkwe kuna nyumba. Mmegombana?”

Swali hilo liliulizwa mara nyingi jioni ile. Hema lilipoinuka chini ya mwembe, la bluu na kijivu, majirani walikuja mmoja mmoja kumsalimia bibi, na salamu zilipokwisha hawakuondoka. Mzee mmoja alizunguka hema mara mbili, akagusa kamba, akasema kwamba hata wavuvi wanaolala ufukweni wanalala huko kwa sababu ya kazi, si kwa kupenda. Vigingi viwili vilivyokosekana, mjomba alivichonga kwa panga kabla jua halijazama.

Bibi aliwapokea wajukuu kwa furaha. Msichana alimwita “mjukuu wangu”, mdogo kabisa akamwita “mjukuu wangu”. Yule wa katikati, mvulana wa miaka kumi, alimwita “mwanangu”, akamshika uso kwa mikono yote miwili kwa muda mrefu, mpaka mtoto akaona haya. Wenzake walimtania. Yeye mwenyewe alijua tu kwamba jina lake amelirithi kwa mjomba mmoja aliyefariki zamani. Aliwahi kuambiwa ni homa.

Kulikuwa na jambo jingine dogo usiku ule. Mdogo alitaka maji ya kunawa, akaona ndoo ya bati imetundikwa kwenye msumari chini ya paa la jiko, akapanda kwenye kinu kuichukua. Bibi, ambaye hakuwa amepandisha sauti tangu wafike, alisema, “Iache hiyo!” kwa ukali uliowafanya wote wanyamaze. Kisha akampa mtoto ndoo ya plastiki.

Usiku wenyewe ulikuwa mzuri. Mwezi haukuwapo, na usiku wa giza ndio wavuvi wa usipa wanaoutaka, kwa sababu samaki hao wadogo hufuata mwanga. Taa zilitapakaa juu ya ziwa. Watoto walichungulia kwenye mlango wa hema wakaanza kuzihesabu, wakafika arobaini na kitu, wakabishana, wakaanza upya. Baba alikuwa ametundika chandarua ndani ya hema kwa kamba ya katani, kwa sababu wavu wa dirisha la mitumba ulikuwa na matundu. Hilo alilifanya vizuri. Watoto wa milimani hawajazoea mbu wa ziwani, na homa ya malaria inaweza kujitokeza wiki moja hadi nne baada ya kurudi, wakati mzazi ameshasahau safari na anadhani ni mafua ya baridi ya Kitura. Mtoto akichemka baada ya safari ya namna hii apimwe siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe alikuwa wapi.

Mama alilala ndani kwa bibi. Alisema mgongo unamuuma.

Asubuhi ya pili walikwenda kuoga ziwani. Mjomba ndiye aliyechagua mahali: ufukwe wa mchanga ulio wazi, mbali na mto, usio na matete wala majani majini. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi huuita mwera, ulikuwa umeanza kuamka. Miezi ya Mei hadi Agosti upepo huu huinua mawimbi ya kuogopwa, na ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 700 hivi huko katikati. Msichana aliomba wapandishwe mtumbwi kidogo tu, hata kwa dakika tano. Mjomba alikataa, akamwonyesha mawimbi yalivyokuwa meupe vichwani, akamwambia mtumbwi uliopinduka haujui nani mgeni. Akaongeza kwamba hata ziwa likitulia, mtoto asiye na jaketi la kuokolea maisha hapandi chombo chake. Msichana alikubali. Alipewa sababu, akaiona kwa macho yake.

Kuhusu kichocho, hapa panahitaji maneno machache, maana wazazi wengi wa bara hulisahau. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, mtoto akiwa anacheza tu, bila kuhisi lolote. Mahali penye majani na maji yaliyotulia ni pabaya zaidi, lakini katika Ziwa Nyasa hakuna ufukwe unaoweza kuapiwa. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Dalili inayojulikana ni damu kwenye mkojo, na inaweza kuchelewa sana au isionekane kabisa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito, na ndiyo ileile watoto wanayopewa shuleni wakati wa kingatiba. Kwa kuwa inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, kipimo na dawa hufaa zaidi wiki sita hadi nane baada ya kuoga, si kesho yake. Mama aliandika tarehe hiyo kwenye simu yake palepale mchangani. Alikuwa makini kwa kila kitu siku ile. Ila kila watoto walipotaja mto, aligeuza maneno.

“Mama, tutakwenda lini kuona mamba?”

“Mamba wa kuonwa wa nini?”

“Mjomba anasema wapo kwenye Ruhuhu.”

“Usiende mtoni.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimesema.”

Mzazi gani hajawahi kulitoa jibu hilo? Linafanya kazi vizuri kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa wa miaka kumi linafanya kazi mpaka mzazi ageuze shingo. Mtoto wa umri huo hupima hatari kwa sababu anayopewa, na asipopewa anaitafuta mwenyewe. Huyu alikuwa na binamu yake wa pale kijijini, wa miaka kumi na mmoja, anayezijua njia zote.

Waliondoka baada ya chakula cha mchana, wakubwa wakiwa wamejinyoosha mkekani. Saa kumi na moja jioni mama alianza kuuliza mtoto yuko wapi. Msichana alisema amekwenda na binamu yake kutafuta maembe. Juni hakuna maembe.

Mama hakumwita mtu. Alianza kutembea, kisha akakimbia, akaacha kandambili njiani. Baba alimwona akipita nyuma ya nyumba akamfuata bila kujua anafuata nini. Anasema hajawahi kumwona mkewe akikimbia hivyo, na wameoana miaka kumi na minne.

Watoto waliwakuta wamechuchumaa kwenye mteremko wa udongo, mahali ambapo zamani watu waliteka maji. Binamu alikuwa juu, ameshika tawi. Mvulana wa Kitura alikuwa chini, kama hatua nne kutoka majini, ameinama anatazama alama kwenye tope. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, hayana kitu juu yake.

Mama aliteremka, akamshika mkono, akamvuta hadi juu, akampiga kofi. Kisha akakaa chini kwenye nyasi zile fupi za viboko na kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Mtoto, aliyekuwa anataka kulia kwa ajili ya kofi, alisahau.

Mjomba alifika nyuma yao na fimbo. Aliona mahali walipokuwa, akaelewa. Alisema kwa sauti ya chini tu, “Tuondoke hapa, dada. Jua linazama.”

Usiku ule mama aliingia kwenye hema. Walikaa sita humo, na lilikuwa hema la watu wanne: baba, mama, watoto watatu na binamu. Bibi alikaa nje kwenye kigoda karibu na mlango, akipepea jiko la mkaa. Mama alianza kueleza bila utangulizi.

Alikuwa na miaka saba. Kaka yake alikuwa na kumi. Wakati huo nyumba yao ilikuwa jirani na mto, na maji ya kupikia yalitekwa pale kwenye mteremko. Jioni ile zamu ya kuteka ilikuwa yake. Alikuwa anacheza rede na wasichana wenzake, akasema anakwenda sasa hivi, hakwenda. Kaka yake akamwambia, “Cheza, nitakwenda mimi.” Akachukua ndoo.

Alisema hivyo tu, kisha akanyamaza. Baadaye akaendelea: watu walitoka na mienge na mitumbwi, wakatafuta siku tatu. Mzee wao alihamisha nyumba mwaka uleule. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemwuliza chochote. Nyumbani jambo lile halikutajwa tena, na yeye alikua akijua kwamba wote wanajua zamu ilikuwa ya nani. Alipokwenda kusoma Mbinga na watu wakimwuliza habari za kaka yake, alisema ni homa. Alimwambia hivyo hata mume wake.

Baba alikuwa amekaa kwenye kona ya hema, magoti kifuani. Ndiyo kwanza anasikia.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa bibi, kutoka nje. “Mimi ndiye niliyemtuma mtoto kuteka maji giza linaingia,” alisema. “Mahindi yalichelewa kusagwa, nikachelewa kubandika. Zamu ni ya watoto. Saa ni ya mama.” Akaendelea kupepea jiko.

Haikuwa rahisi kwa wakubwa kusema kitu hapo. Mvulana wa katikati ndiye aliyeuliza. Hakuuliza habari za mamba.

“Ndoo ilipatikana?”

“Ilipatikana,” mama akasema. “Unaijua.”

Baada ya hapo maswali yalikuja mengi, na mjomba akaitwa ayajibu, maana ndiye anayeishi na mto huo. Aliwaambia mambo ambayo kila mtoto wa Lituhi anatakiwa kuyajua kabla hajajua kuandika. Mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa bila kuonekana, kwa hiyo maji yaliyotulia hayasemi kwamba hayupo. Hujifunza mazoea: mahali watu wanapoteka kila siku, saa ileile, ndipo anaposubiri. Hatari yake kubwa ni pale maji yanapokutana na ukingo, jioni na usiku, kwa anayeinama. Kiboko naye, kwa unene wake wote, anakimbia kuliko mtu, na hukasirika akizuiwa njia ya kurudi majini. Alama ile mtoto aliyokuwa akiitazama kwenye tope, mjomba aliuliza ilikuwaje. Mtoto alichora kwa kidole kwenye vumbi la taa: mstari mrefu, na pembeni kama vidole. Mjomba aliitazama akasema, “Ya leo hiyo?” Binamu akaitikia kwa kichwa. Mjomba hakuongeza neno, lakini asubuhi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji kutoa taarifa ili ifikishwe kwa afisa wanyamapori.

Msichana, ambaye husoma kila kitu kwenye simu ya baba yake, aliuliza kama serikali haikuwalipa. Baba alimweleza kwamba siku hizi yapo malipo yanayoitwa kifuta machozi, kwa kanuni za mwaka 2011, kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa porini, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao. Wakati wa mjomba yule hayakuwapo. Bibi, akiwa nje, alisema machozi yake hayajawahi kungoja kufutwa na ofisi, na hapo watoto wakacheka, na yeye akacheka nao.

Mama alilala humohumo kwenye hema. Saa nane usiku mwera ulivuma kwa nguvu, kamba mbili zikakatika, paa likawashukia usoni, na wote sita wakalala hivyohivyo mpaka asubuhi kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka nje.

Kuna wazazi watakaosema mtoto wa miaka kumi hapaswi kusikia habari kama ile, tena usiku, tena kilomita moja na kitu kutoka mahali lilipotokea. Hofu hiyo ina maana. Mdogo kabisa, wa miaka sita, hakuweza kwenda chooni peke yake kwa siku zote zilizobaki, na hata aliporudi Kitura, ambako mamba hajawahi kuonekana tangu dunia iumbwe, alidai kusindikizwa. Huenda yeye angepelekwa kulala ndani kwanza. Lakini wa katikati alibadilika kwa namna nyingine. Siku ya tatu watoto wa jirani walipokuja kumwita wakacheze upande wa mto, aliwaambia hapana, na walipomwuliza kwa nini, aliwapa sababu yote, kwa jina, na mwaka, na saa. Waliibaki wakicheza palepale uani.

Baba naye alimwomba mkewe msamaha kwa habari ya hema. Alifanya hivyo kwa namna ya wanaume wengi wa milimani: alimwosha vyombo, mbele ya mama mkwe wake, ambaye aligeuza uso ili asione.

Asubuhi ya kuondoka bibi alikuwa ameamka mapema. Alikuwa amewafungia usipa mkavu kwenye gazeti na mfuko wa mchele. Alimwita mvulana wa katikati, akanyoosha mkono juu ya msumari, akatungua ile ndoo ya bati, akaipangusa masizi kwa kanga yake.

“Nenda bombani,” akamwambia. “Niletee maji ya chai.”

Bomba la kijiji liko nyuma ya nyumba ya mjomba, upande wa mbali na mto. Mtoto alikwenda. Mama alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama njia nzima, kwenda na kurudi. Ndoo ilikuwa imeoza chini, inavuja sehemu tatu. Alifika na maji yasiyofika nusu, suruali imelowa mpaka magotini, akaomba apewe nyingine akaongeze.

“Yanatosha,” bibi akasema, akayamimina yote kwenye sufuria.